Mayi na umeme: nyumba ya makuta kidogo inaweza kulipa? Namna ya kupima

Kolwezi, Likasi ao Lubumbashi, kila mutu anajua bei ya bidoni. Lakini ni watu kidogo wenye wanajua bidoni zinakula kiasi gani juu ya makuta ya nyumba kwa mwezi muzima. Wataalamu wa dunia wako na hesabu zao, na zingine zinadanganya. Tunazifungua hapa, kisha tunaonyesha hesabu yenye familia inaweza kufanya yenyewe, na kaye moja na biki.

"Mayi iko bei." Neno hilo linasemwa kila asubuhi ku mulongo wa bidoni, na kila mangaribi wakati mama anatoa hesabu ya makuta ya siku. Lakini mayi iko bei kwa nani? Bidoni ya 100 FC haimushitue mutu mwenye mushahara wa ofisi. Kwa muchimbaji mwenye amepanda kutoka shimoni bila gunia hata moja ya kupeleka ku depo, ile 100 FC ni neno ingine. Bei ni moja, lakini uzito wake haulingane katika nyumba mbili.

Njo maana bei peke yake haituambie kitu. Kwa kujua kama nyumba inaweza kulipa, unapashwa kuweka vitu viwili ku mizani: upande mumoja kile mayi na umeme vinaomba, upande wa pili kile nyumba iko nacho. Kazi hiyo inaonekana nyepesi. Lakini watu wa masomo makubwa, Marekani, Uingereza na Afrika ya Kusini, wamebishana juu yake miaka mingi. Mabishano yao yanatugusa, kwa sababu kufuatana na namna ya kupima, familia ileile inaweza kuandikwa "iko muzuri" ao "inaumia".

WAKATI MAYI ILIKUWA NDANI YA MUSHAHARA

Katika miji yetu ya madini, swali hili si la zamani sana. Wakati wa Union Minière, kisha wakati wa Gécamines kuanzia 1967, mutumishi alipewa nyumba ya kambi, posho ya unga, hospitali na masomo ya watoto, na pia mayi na umeme. Vitu hivyo vilikuwa sehemu ya mushahara, hata kama havikuhesabiwa katika makuta ya mukononi. Mama wa kambi alifungua robine. Hakuhesabu bidoni.

Kisha mambo yaliharibika. Mu mwezi wa Septemba 1990, muko wa Kamoto ulianguka, na uzalishaji wa shaba ukashuka sana. Miaka yenye ilifuata, watumishi walikaa miezi na miezi bila kulipwa. Kuanzia 2003, watumishi zaidi ya 10.000 walitoka Gécamines katika mupango wenye uliitwa "départs volontaires", na makuta ya mara moja mukononi. Mushahara uliisha, na pamoja nao ile mayi yenye haikukuwa na bei. Katika nyumba hizo kulitoka wachimbaji wengi wa leo, wenye wanalipwa kwa gunia na kwa kilo, bila karatasi ya mushahara.

Hapo kuko somo la kwanza la kupima. Mutu mwenye analinganisha mushahara wa baba yake wa 1980 na makuta anapata yeye leo, bila kutia upande wa baba ile nyumba, posho, mayi na umeme, atajidanganya. Makuta ya leo yanaweza kuonekana mingi, lakini yanapashwa kununua vitu vyenye zamani vilikuja bila kuitwa.

3 %, HESABU YA WAKUBWA

Hesabu yenye inajulikana zaidi ni ya asilimia. PNUD, programu ya Umoja wa Mataifa ya maendeleo, ilitoa mu 2006 ripoti nzima juu ya mayi. Mustari wenye walitia ni huu: mayi haipashwe kupita 3 % ya makuta yenye nyumba inapata. Marekani, ofisi ya taifa ya kulinda mazingira ilitumia muda murefu 2,5 % kwa mayi ya kunywa, na 4,5 % kama unaongeza mayi machafu. Kwa umeme na vitu vya kutia moto nyumbani, Uingereza ilichukua 10 %.

Tufanye hesabu ya kwetu. Bei zenye tunatia hapa ni za mufano tu. Wewe tia za kartie yako.

Familia ya watu 6. Baba anachimba, mama anauzisha mboga. Wote wawili pamoja wanaingiza 300.000 FC kwa mwezi. Bidoni ya litri 20 ni 100 FC. OMS, shirika la afya la dunia, linasema mutu anahitaji litri 50 mpaka 100 kila siku kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua. Tuchukue 50. Watu 6 mara litri 50 ni litri 300, ni kusema bidoni 15 kwa siku. Ni 1.500 FC kwa siku, 45.000 FC kwa mwezi. Juu ya 300.000 FC, hiyo ni 15 %. Ni mara tano ya ule mustari wa PNUD.

Mupaka hapa hesabu inafanya kazi. Inasema wazi: nyumba hii haiwezi. Lakini tuendelee kidogo.

NYUMBA YENYE KIU INAPITA MUTIHANI

Familia yetu itafanya nini? Haitalipa 45.000 FC, sababu haiko nazo. Itanunua bidoni 3 kwa siku, basi. Bidoni 3 ni 300 FC kwa siku, 9.000 FC kwa mwezi.

Sasa mutu wa uchunguzi anafika na fomu yake. Anauliza: "Mama, munalipa mayi ngapi kwa mwezi?" Mama anajibu: "Elfu kenda." Mutu wa fomu anagawanya 9.000 na 300.000. Anapata 3 % kamili. Anaandika: nyumba hii iko muzuri, mayi haimulemeze mutu.

Lakini bidoni 3 ni litri 60. Gawanya kwa watu 6: kila mutu anabakia na litri 10 kwa siku, tano ya kile OMS inaomba. Nguo zinafuliwa ku mutoni. Watoto wanaoga siku moja juu ya mbili. Ndoo ya kunawia mikono haiko. Na wakati bidoni zinaisha mbele ya usiku, wanachota ku kisima cha jirani, chenye hakuna mutu anajua usafi wake.

Njo hapo hesabu ya asilimia inadanganya. Kadiri maskini anapunguza mayi, kadiri anaonekana ku karatasi kama mutu mwenye hana shida. Nyumba yenye haikununua hata bidoni moja itaandikwa 0 %, ya kwanza kabisa katika kalasi.

Na kutolipa si kutokunywa. Mutu lazima atakunywa, hata kama ni mayi ya fasi ingine. Afrika ya Kusini waliliona neno hilo kwa uchungu. Mu mwezi wa Agosti 2000, kolera ilianza katika jimbo la KwaZulu-Natal, upande wa Empangeni. Kule, watu wenye walizoea kupata mayi ya bure waliombwa kulipa, na wenye hawakuweza walirudia mutoni. Ugonjwa ulienea: watu zaidi ya 100.000 waligonjwa katika mlipuko ule. Sisi wenye tunajua kolera ya Kalemie na ya Bukama, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Bidoni yenye haikununuliwa inaweza kurudi ikiwa fakture ya hospitali.

PIMA KILE NYUMBA INAHITAJI, SI KILE IMELIPA

Namna ya kuepuka mutego ule ilionyeshwa Uingereza, juu ya moto ya nyumba. Mu 1991, bibi mumoja wa masomo, Brenda Boardman, aliandika kitabu juu ya watu wenye hawawezi kutia joto katika nyumba zao wakati wa baridi. Aliona kwamba muzee maskini mwenye anakaa katika baridi analipa kidogo, si kwa sababu iko bei rahisi, lakini kwa sababu anatetemeka. Kwa hiyo, hesabu yenye ilitoka kule haikuuliza "unalipa ngapi?" Iliuliza "ungepashwa kulipa ngapi ili nyumba yako iwe na joto ya kutosha?" Kama jibu linapita 10 % ya makuta yako, uko katika umaskini wa moto.

Tuchukue akili ile kwa mayi. Usihesabu bidoni 3 zenye zilinunuliwa. Hesabu 15 zenye zinahitajika. Kama 15 ni nyingi kwa kuanza, hesabu 6, ni kusema litri 20 kwa kila mutu, chini ya hapo usafi wa mwili unakuwa wa shida. Bidoni 6 ni 18.000 FC kwa mwezi, 6 % ya makuta ya familia yetu. Hata ile ya chini kabisa inapita mustari wa PNUD mara mbili.

KILE KINABAKIA

Waingereza wenyewe hawakusimama pale. Mu 2013 walibadilisha namna yao. Waliongeza swali lingine: kisha kulipa moto, nyumba inabakia na nini? Kwa sababu asilimia haioni tofauti hii: mutu wa makuta mingi akitoa 10 %, anapunguza safari na nguo. Mutu wa makuta kidogo akitoa 10 %, anapunguza bukari.

Turudie nyumba yetu ya mufano, yenye 300.000 FC. Chakula: 165.000. Kodi ya nyumba: 45.000. Masomo ya watoto: 25.000. Transporti ya baba kufika ku kazi: 15.000. Makala, na umeme kidogo wa taa na wa kutia telefone moto: 30.000. Jumla ni 280.000 FC. Inabakia 20.000 FC kwa mayi, dawa, sabuni, nguo na matanga ya ndugu.

Ukinunua mayi ya chini kabisa, 18.000 FC, unabakia na 2.000 FC. Mutoto mumoja akishikwa na malaria, deni limeingia. Ukinunua mayi ya kutosha, 45.000 FC, unakosa 25.000 FC mbele ya kununua hata kinini kimoja. Zile 25.000 zitatoka wapi? Ku chungu, ku masomo, ao ku deni. Hesabu hii haitoe asilimia, lakini inaonyesha fasi gani nyumba itapasuka.

Na tuangalie ule mustari wa makala. Zile 30.000 FC ni 10 % kamili. Nyumba iko tayari ku mupaka wa Uingereza, bila kuishi na umeme wa kweli. Laini kubwa ya Inga mpaka Kolwezi, yenye urefu wa karibu kilometa 1.700, ilijengwa mbele ya yote kwa kupeleka umeme ku migodi. Inapita juu ya vijiji vyenye havina hata taa moja. Mwenye hana waya wa umeme hakosi kulipa: analipa makala, mabuji, mabatri ya tochi, na yule mutu wa kutia telefone moto ku soko. Mwenye anapima umeme peke yake, bila makala, ataandika kwamba nyumba ya giza haitumie kitu.

SIKU NGAPI ZA KAZI?

Hesabu ya tatu inaweza kupendeza wachimbaji kuliko zote, sababu haiombe kujua makuta ya mwezi. Mu 2018, mwalimu wa chuo kikuu wa Marekani, Manuel Teodoro, alipendekeza kuhesabu mayi kwa saa za kazi. Unauliza: mutu mwenye analipwa mushahara wa chini wa sheria atafanya kazi saa ngapi ili alipe mayi ya lazima ya mwezi kwa watu 4? Mupaka wenye alipendekeza ni saa 8, ni kusema siku moja ya kazi kwa mwezi, pamoja na mayi machafu.

Kwetu, baba wa mufano na bibi yake wakitumika siku 20 na kupata 300.000 FC, siku moja inawapa 15.000 FC. Mayi ya chini inawaomba siku moja na kidogo. Mayi ya kutosha inawaomba siku 3. Kila mutu anaelewa neno hilo bila kuwa na diplome: siku 3 za kushuka mu shimo, kwa mayi tu.

Lakini muchimbaji hatumike siku 20 kila mwezi. Mvua ikiingia, mashimo yanajaa mayi na udongo unakuwa hatari. Bei ya madini nayo inapanda na kushuka. Mu Februari 2025, serikali ilisimamisha kutoa kobalti inje ya inchi ili bei ya dunia ipande tena. Mambo kama hayo yanaamuliwa mbali sana na lupangu, lakini bidoni haishuke bei siku ambayo depo inafunga mulango.

Tuseme kuko mwezi wa siku 10 za kazi tu. Makuta yanakuwa 150.000 FC. Mayi ya kutosha inabakia 45.000 FC. Asilimia imetoka 15 na kufika 30. Siku 3 juu ya 10 zinaenda ku mayi. Kwa hiyo usipime mwezi muzuri peke yake. Pima mwezi mubaya, sababu njo mwezi ule watoto wanafukuzwa ku masomo na mama anaenda kukopa.

SAA ZA MAMA HAZIANDIKWE KU FAKTURE

Kuko bei ingine yenye haionekane katika makuta. OMS na UNICEF, wakipima mayi ya dunia, wanauliza kama kwenda, kungoja ku mulongo na kurudi kunapita dakika 30. Ikipita, wanasema huduma ile haikufika hata ku kiwango cha musingi.

Fanya hesabu. Safari 3 kwa siku, kila moja dakika 50: ni saa 2 na nusu kwa siku, saa 75 kwa mwezi. Ukigawanya na saa 8, ni zaidi ya siku 9 za kazi. Siku 9 hizo ni za mama ao za binti mwenye angepashwa kuwa ku kalasi. Mayi ya mutoni wanasema ni ya bure. Ni ya bure kwa mwenye hakuibeba ku kichwa.

KWA NINI LITRI YA MASKINI INAPITA BEI YA TAJIRI

Metri kube moja ya mayi ni litri 1.000, sawa na bidoni 50. Ukinunua bidoni 100 FC, unalipa metri kube moja 5.000 FC. Sasa omba jirani mwenye robine ya ndani akuonyeshe fakture yake. Gawanya makuta kwa metri kube, ulinganishe na 5.000 zako. Ripoti ya PNUD ya 2006 ilionyesha kwamba katika kartie maskini za Nairobi, Manila na Jakarta, watu walilipa litri moja ya mayi mara 5 mpaka 10 kuliko matajiri wa muji uleule, na hata kuliko watu wa London ao New York. Si kwa sababu muuzishaji wa bidoni ni mubaya kila mara. Yeye naye alilipa pompe, mafuta ya jenereta ao mutu wa kusukuma kinga. Kila mukono wenye mayi inapitia unaongeza kitu.

Mwenye robine naye asifikiri hesabu haimuhusu. Nyumba nyingi za inchi yetu hazina kompteri, zinalipa forfe. Ukilipa forfe na mayi inakuja siku 8 tu kwa mwezi, bei yako ya kweli si ile ya ku fakture. Hesabu litri zenye ziliingia kweli ku bidoni na ku ndoo zako, gawanya, kisha ongeza makuta ya bidoni zenye ulinunua siku 22 zenye zilibaki. Kwa umeme ni vilevile: fakture pamoja na makala ya siku za delestaji, njo bei ya umeme.

NAMNA WENGINE WALIJARIBU

Kisha ile kolera, Afrika ya Kusini ilianza mu 2001 kupatia nyumba litri 6.000 za bure kila mwezi. Ni litri 200 kwa siku, bidoni 10. Kwa watu 8, ni litri 25 kwa kila mutu. Mupango muzuri, lakini ulihesabu lupangu, si watu. Fasi yenye familia 2 ao 3 wanakaa katika lupangu moja, mayi ya bure iliisha mbele ya mwezi kuisha, kisha kompteri ya kulipa mbele ikafunga. Wakaaji wa Phiri, katika Soweto, walipeleka neno hilo ku tribinali. Waliomba litri 50 kwa kila mutu. Mu 2009, tribinali ya katiba haikuwapa haki.

Tukumbuke vizuri ile kompteri ya kulipa mbele. Kwa kampuni ni nzuri, sababu hakuna madeni. Lakini mayi ao umeme ukiisha, hakuna mutu anakuja kukukata: umejikata wewe mwenyewe, kimya, na hakuna karatasi yenye inaandika. Kwa hiyo mwenye anapima anapashwa kuhesabu pia siku ambazo nyumba ilikaa bila kitu.

Muji wa Philadelphia, Marekani, ulianza mu 2017 kulipisha maskini mayi kufuatana na makuta yao: fakture inakatwa kwa 2 mpaka 4 % ya kile nyumba inapata. Wazo ni zuri, lakini linaomba karatasi ya kuonyesha mapato. Muchimbaji wa mukono ataonyesha karatasi gani? Kwetu, njia yenye inaweza kufika kwa maskini bila karatasi ni robine ya wote ku barabara: bei ya bidoni imeandikwa wazi ku ubao, komite inatoa hesabu, na bei ile inawekwa kisha kupima nyumba za chini, si kisha kubahatisha.

NANI ANAPASHWA KUSIKIA HESABU HII

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 48, inasema haki ya kupata mayi ya kunywa na umeme inalindwa. Sheria ya mayi ya tarehe 31 Desemba 2015 inapatia majimbo na maeneo ya chini kazi katika huduma ya mayi. Na Kodi ya madini yenye ilibadilishwa mu Machi 2018 inaonyesha fasi makuta yanaweza kutoka: juu ya redevansi yenye kampuni zinalipa, 15 % inaenda kwa komini, sekta ao shefferi yenye mugodi uko ndani yake, na 25 % kwa jimbo. Tena kampuni inapashwa kutoa, kwa uchache, 0,3 % ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wakaaji. Iko pia "cahier des charges", kaye ya ahadi yenye kampuni na wakaaji wanasikilizana.

Katika mikutano ya kaye ile, wakaaji wanaomba foraji. Ni haki yao. Lakini foraji ikiisha kujengwa, maswali yanabaki: nani atalipa mafuta ya pompe, nani atanunua kipande chenye kimevunjika, na bidoni itauzishwa ngapi? Bei ikipita uwezo wa nyumba za chini, foraji itakuwa ya wenye makuta, na wengine watarudia mutoni. Bei ikiwa ya chini sana bila mutu wa kufidia, pompe itakufa. Kati ya hizo mbili, bei haipatikane kwa kupiga kelele. Inapatikana kwa hesabu za nyumba.

KAYE YA SIKU 30

Kaye ya masomo inatosha. Kila mangaribi, mutu mumoja wa nyumba, hata mutoto wa kalasi ya sita, anaandika vitu vitano: bidoni ngapi zilinunuliwa na kwa bei gani, litri ngapi zilichotwa fasi ingine, ku kisima ao mutoni, muda gani uliisha ku njia na ku mulongo, makuta gani yalienda ku umeme, makala, mabuji na telefone, na makuta gani yaliingia nyumbani siku ile. Siku yenye hakuna kitu kiliingia, mutu aandike 0. Sifuri ile iko na kazi.

Kisha siku 30, fanya hesabu nne. Moja: litri zote, gawanya kwa watu na kwa siku 30, kama ni chini ya 20, nyumba iko na kiu hata kama asilimia yake ni nzuri. Mbili: bei ya litri 50 kwa kila mutu, juu ya makuta ya mwezi. Tatu: kile kinabakia kisha chakula, kodi, masomo, transporti na moto. Ine: siku ngapi za kazi. Fanya kaye moja wakati wa jua na ingine wakati wa mvua.

Kaye ya nyumba moja, wakubwa watasema ni ya mutu mumoja. Basi nyumba 20 za avenue moja ziandike pamoja, bila kutia majina. Zipangeni kutoka ya makuta kidogo mpaka ya makuta mingi. Musisimame ku ile ya katikati, sababu ya katikati inaficha zenye ziko chini yake. Ofisi ya Marekani iliangalia nyumba ya katikati kwa miaka mingi, na Teodoro alionyesha kosa hilo: yeye anahesabu kutoka chini na kusimama ku sehemu ya tano ya kwanza. Juu ya nyumba 20, ni nyumba ya 4. Peleka hesabu za nyumba ile ku mukutano wa komini na wa kaye ya ahadi, na uulize swali moja: kwa bei yenye munataka kutia, nyumba hii ya 4 itakunywa litri ngapi?